Mtani Haombi Radhi

Kitabu kilichotaka kumnyang'anya Mwamvua baba yake hakikuuzwa popote. Kingeuzwa, tungepona. Hapa Kibiti nani angetoa fedha yake kununua kitabu cha wasomi chenye picha ya mikoko kwenye jalada? Hata Muhidini, binamu yake Mwamvua, na uchu wake wote, asingekinunua. Lakini kitabu kilikuwa cha bure. Maktaba ya chuo kikuu kimoja huko Dar imeamua kwamba vitabu vya walimu wake viwekwe kwenye mtandao, kila mwenye simu avisome, avipakue, amtumie na mwenzake, wala asiulizwe senti. Jambo jema, sikatai. Ila uji wa bure nao ukiwa wa moto unaunguza.

Jina langu Mwamini. Nashona sokoni pamoja na Mwamvua, yeye upande wa jua, mimi upande wa kivuli, kwa sababu mimi ndiye niliyewahi kufika. Tumeshona pamoja tangu binti yake Nasra anatambaa, na sasa Nasra ameolewa yuko Lindi. Nikisema namjua Mwamvua, namjua. Anakula polepole, anakasirika polepole, na akishakasirika usimsogelee.

Baba yake, Mzee Mwinjuma, alikuwa mtu wa delta. Ukitaka kwenda kwao unapanda boti Nyamisati, unaingia mikokoni. Alikuwa na minazi kule kisiwani, na bonde la mpunga, na nyumba hapa Kibiti ambayo Mwamvua anakaa mpaka leo. Mama yake Mwamvua alitangulia kufa. Mzee alipomfuata, mtoto aliyebaki ni huyo huyo mmoja. Sheria yetu inajulikana: binti wa pekee anachukua nusu, nusu inayobaki inakwenda kwa asaba, yaani ndugu wa kiume wa upande wa baba. Asaba alikuwa Muhidini, mtoto wa kaka yake Mzee Mwinjuma, mwenye duka la simu pale karibu na stendi. Kwa hiyo nusu yake alikuwa nayo mkononi. Aliitaka na ya pili.

Mirathi ilipofunguliwa, miaka kadhaa baada ya msiba, mahakama ya mwanzo ikamteua Mwamvua kuwa msimamizi. Haikupita muda, Muhidini akaja kibandani kwetu na karatasi ya pingamizi, ameivalia kofia nyeupe iliyopigwa pasi. Alikuwa na adabu nyingi mno siku hiyo. Alisema, "Dada, usinichukie. Haya si maneno yangu, ni ya chuo kikuu."

Nyuma ya pingamizi alibana kurasa za kitabu alizozichapisha. Alikuwa ameandika jina la kisiwa chao kwenye simu, siku hana wateja, na kitabu kikamjia chenyewe. Kinahusu maisha ya watu wa delta. Sura moja inaitwa "Watoto wa Mafuriko", inaeleza jinsi watu wa bonde walivyolea yatima waliopotezwa na maji. Kwenye ukurasa aliouwekea alama paliandikwa hivi: "Mzee Mwinjuma hakujaaliwa mtoto. Binti anayejulikana kuwa wake aliokotwa mikokoni mwaka wa mafuriko makubwa, akalelewa kama wa kuzaa." Chini yake, kwa herufi ndogo: Msimulizi wa Tisa.

Mtoto wa kuokota harithi. Ndiyo hoja yote ya Muhidini. Mwamvua atoke kwenye nyumba, atoke kwenye minazi, na jina la baba yake aliache hapo hapo mlangoni.

Mwanzoni Mwamvua alicheka. Alisema Muhidini tangu utotoni ana tamaa, hata kwenye sinia la pilau alikuwa anajichimbia upande wa nyama. Kesho yake hakucheka. Keshokutwa akashona mkono wa gauni la mteja kwenye shingo, akaufumua, akaushona pale pale tena. Nikazima cherehani yangu, nikamuuliza ana nini. Akaniuliza kama pua yake na ya marehemu baba yake zilifanana.

Mzee Mwinjuma nilimwona mara chache, na mara zote nilimwangalia usoni kwa heshima, si kwa kukagua pua. Nikamwambia zilifanana sana. Alijua namridhisha tu, na mimi nilijua kwamba anajua.

"Mwaka wa mafuriko ndio niliozaliwa, Mwamini," alisema. "Hapo hajakosea."

Hapo ndipo na mimi nilipoingiwa na hofu. Alizaliwa nyumbani, kisiwani, wakati maji yamekula mashamba na watu wanalala darini. Mkunga kafa. Mama kafa. Majirani wa zamani wengine walihamia nchi ya juu baada ya maji, wengine wamezikwa. Cheti cha kuzaliwa alikipata ukubwani, kwa maneno ya baba yake mwenyewe, na Muhidini alishasema hadharani kwamba mlezi naye huandikisha. Nani wa kuulizwa? Baya zaidi, Mwamvua alianza kujiuliza mwenyewe. Akawa anakumbuka vitu ambavyo mtu mwenye baba hana haja ya kuvikumbuka: siku mama yake alipomkatisha kauli baba yake, siku marehemu shangazi alipomwita mgeni kwa mzaha. Kila kumbukumbu aliigeuza kama kitambaa, kutafuta mshono wake. Mimi nikawa silali vizuri kwa ajili ya baba asiye wangu.

Mwanzoni mwa kitabu kulikuwa na namba ya simu ya maktaba. Nilipiga mimi. Akapokea dada mmoja anaitwa Johari, ndiye mhariri wa vitabu hivyo vya bure. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jina la marehemu, akasema atakuja mwenyewe. Nikajua hili jambo ni kubwa kuliko nilivyodhani. Watu wa ofisi hawatoki Dar kuja Kibiti kwa jambo dogo.

Alikuja Jumamosi, msichana mwembamba mwenye miwani na baibui, na kompyuta kwenye mkoba. Kwa mama yake ni Ngorongo, huku huku Rufiji, kwa hiyo alijua namna ya kukaa mkekani na kusalimia wakubwa. Mwamvua alimwomba jambo moja tu: akitoe kitabu. Johari akaeleza, na niliona jinsi maelezo yalivyomkwama. Kitabu cha namna ile kinatoka na ruhusa kabisa kwamba kila mtu akinakili na kukigawa. Kimeshapakuliwa na maelfu ya watu. Maktaba za nchi nyingine zimeshakiweka kwao. Anaweza kukizuia pale kwao, lakini kilichoko nje hana mamlaka nacho. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema, na aliyasema kama mtu aliyeshika ndoo tupu.

Nilimuuliza, kwa sauti ambayo hata wauza nyanya waliisikia, kwa nini aliyesema kafichwa jina, na aliyesemwa katajwa mpaka na kitongoji chake. Akajibu kwamba utaratibu wa utafiti unamlinda msimulizi, na marehemu alitajwa kwa kumuenzi. Nikamwambia huko kuenzi kwenu kumemfukuzia mtu binti. Johari aliinamisha kichwa. Ilibidi Mwamvua aniguse goti ninyamaze.

Kilichowezekana ni kutoa toleo lililosahihishwa, lenye maelezo ya wazi, na Mwamvua angeweza kulipeleka mahakamani. Lakini wakuu wa Johari wasingekubali kubadili neno bila ushahidi. Kwa hiyo alikuwa amempigia mwandishi wa kitabu, Daktari Abdulhalim, ambaye wakati ule alikuwa nje ya nchi. Nilimkumbuka Mwamvua akinisimulia habari za huyo daktari. Alikuwa kisiwani wiki ile ya msiba, mtu mpole wa Tanga, alikaa matangani na watu, alikula walichokula, na aliomba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti. Alimjibu Johari kwamba kila neno analo kwenye kinasa, na kamtumia.

Tukaisikiliza sauti pale kibandani, simu ya Johari juu ya meza ya cherehani. Kwanza daktari anauliza habari za mafuriko. Halafu inakuja sauti ya mwanamume, nzito, taratibu, yenye huzuni, kama khatibu siku ya Ijumaa. Inasema yale yale ya kitabuni: marehemu hakuzaa, binti kaokotwa mikokoni. Mwamvua alifumba macho. Kisha, nyuma ya sauti ile, tukasikia kitu ambacho kitabuni hakikuwepo. Watu wanacheka. Wanacheka na kukohoa, na mwanamke mmoja kwa mbali anasema, "Swalehe, Mungu anakuona."

Mwamvua akafumbua macho. "Swalehe," alisema. "Mtani wetu."

Ukoo wa Mwinjuma na ukoo wa Swalehe ni watani wa kuzikana, tangu mababu. Akifa mtu wa huku, wa kule ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaozuia jeneza mlangoni mpaka wakombolewe kwa chochote, ndio wanaomtukana maiti na watoto wake ili waliofiwa wasizame kwenye majonzi. Kazi hiyo haiishi siku ya maziko. Mtani yuko kazini mpaka arobaini, na lolote analolisema katika siku hizo ni utani, hata akiulizwa saa ngapi. Mwamvua alikuwa ndani na wanawake, hakuyasikia yale ya uani. Na Daktari Abdulhalim si kwamba hajui utani, nani katika nchi hii asiyeujua? Lakini watani aliowazoea yeye hucheka wanapotania. Swalehe hacheki. Uso wake mkavu kama dagaa. Daktari alimwona mtu mzima anasema kwa huzuni, akaandika. Kicheko cha wengine hakikuandikwa, kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba kicheko ni sehemu ya maneno.

Nilishusha pumzi. Nikaona kesi imeisha. Johari naye alitabasamu kwa mara ya kwanza, akasema kicheko peke yake wakuu wake hawatakikubali, lakini sasa ni jambo dogo: huyo Swalehe aandike sahihi yake kwamba aliyoyasema hayakuwa kweli, na kwamba anaomba radhi, basi. Mwamvua hakutabasamu. Alikunja kitambaa alichokuwa nacho, akakikunja tena. Nilidhani ni uchovu.

Swalehe alikuwa amehama kisiwani. Zamani alikuwa mkata boriti, halafu akamfuata mwanamke Mbwara, na ufuta. Tukaenda watu watatu kwa bodaboda mbili, mimi na Mwamvua tumepakizana, tukavuka daraja la Rufiji, tukaacha lami tukaingia vumbini. Njia nzima Mwamvua alikuwa ananishika kiuno kwa nguvu hata pasipo na bonde.

Tulimkuta kalala kwenye mkeka nje ya nyumba, fulana imetoboka, anagombana na jirani juu ya mbuzi aliyekula ufuta. Mbuzi alikuwa wa Swalehe na ufuta ulikuwa wa jirani, na bado yeye ndiye aliyekuwa anadai fidia. Alikuwa amekonda, anakohoa. Alipomwona Mwamvua alimwambia jirani aondoke, kwa kuwa wamekuja wageni wasio na kwao.

Johari alimweleza yote kwa heshima na kumwekea karatasi mbele. Swalehe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaisukuma karatasi kwa kidole.

"Miye siombi radhi," alisema. "Mtani haombi radhi. Nikiomba radhi, ndiyo nimetukana. Na nikitukana, utani umekufa. Nikifa miye, nani atanizika? Weye na miwani yako?"

Nikaelewa kwa nini Mwamvua hakutabasamu. Karatasi ile, iliyokuwa imuokoe, ingegeuza utani wa Swalehe kuwa tusi la kweli, na maneno yaliyosemwa kwa dhati, si kwa utani, ndiyo Muhidini aliyoyataka. Johari alijaribu kubadilisha maneno, atoe "radhi", aache tu kwamba haikuwa kweli. Swalehe akakataa hilo pia. Mtani akianza kueleza kipi kweli na kipi uongo, alisema, afadhali akauze karanga.

Hapo Mwamvua akaacha kusimama nyuma yetu. Alisogea karibu na mkeka, akapiga magoti, kitu ambacho kwa mtani hakifanywi.

"Swalehe, acha watu, acha mahakama. Baba yangu keshakufa, mama yangu keshakufa. Weye ulikuwepo. N'ambie miye peke yangu. Kweli au si kweli?"

Yule mzee akamtazama kwa muda. Naapa niliona kitu kikipita usoni pake, nikaomba Mungu kipate kutoka. Lakini kilichotoka ni hiki: "Nilikuokota kwa mkono wangu huu. Umenasa kwenye mizizi ya mkoko, unalia. Nikadhani kaa, nikataka kukutia kikapuni."

Nilitamani kumpiga na kiatu. Mwamvua aliinuka, akajipangusa vumbi magotini, akaenda kusimama kwenye bodaboda. Swalehe akatuita nyuma. Alisema mahakamani atakuja, mtu asimwite mwoga, lakini hawezi kusimama mbele ya hakimu na fulana ile. Tumshonee kanzu.

Tulishona. Mwamvua ndiye aliyeikata na mimi nikaishona. Siku zote zilizobaki alisema machache, na machache hayo yote yalikuwa maswali. Itakuwaje akija akasema vile vile? Ataapishwa, mtu akishaapa kwa Msahafu ataniaje? Na akisema mbele ya Mungu kwamba kaniokota, nitakuwa nani? Nikampa kazi ya kushona vifungo.

Siku ya kesi Muhidini alifika mapema na kofia yake nyeupe, na kurasa zake ameziweka kwenye jalada la plastiki. Johari alitoka Dar alfajiri. Hakimu alikuwa mama wa makamo kutoka bara, mwenye sauti ndogo inayowanyamazisha watu. Muhidini alisoma ukurasa wake wote bila kukwama. Aliposema kwamba kitabu hiki si cha mitaani, ni cha chuo kikuu, kinasomwa dunia nzima, watu walitikisa vichwa, na mimi nikaona jinsi maandishi yanavyotisha hata yanapokosea. Swalehe hakuwepo. Nikaanza kumlaani kimoyomoyo, kanzu, mbuzi na yeye mwenyewe.

Swalehe alifika wakati hakimu anakaribia kuendelea bila yeye. Kanzu ilimkaa vizuri kuliko alivyostahili. Akaapishwa. Hakimu akamuuliza kama maneno yale aliyasema yeye.

"Niliyasema," alijibu Swalehe.

Nyuma watu wakanong'ona. Johari alivua miwani. Mwamvua alinishika mkono. Hakimu akauliza swali lililotuleta pale: je, ni kweli?

Swalehe alikohoa, akajifuta. Alisema kwamba ameapa, kwa hiyo uongo hawezi kusema, lakini swali lile akilijibu atakuwa amevunja jambo la wazee wake. Akaomba aruhusiwe kwanza kumwendea Muhidini. Hakimu alimtazama, akakubali, nadhani kwa udadisi tu. Swalehe akatembea mpaka kwa Muhidini, akanyoosha mkono, akamvua kofia kichwani, akaivaa yeye.

"Komboa," alimwambia.

Muhidini akashika kichwa kitupu. Akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, naomba nirudishiwe kofia yangu. Miye na huyu hatutaniani. Si mtani wangu."

Swalehe naye akamgeukia hakimu, uso mkavu vile vile. "Naomba liandikwe hilo. Ukoo wa Mwinjuma wote watani zangu, wakubwa kwa wadogo. Asiye mtani wangu si wa ukoo ule. Basi huyu kafuata nini kwenye mirathi ya watu?"

Hakuna aliyecheka. Karani alikuwa ameinua kalamu, anasubiri. Hakimu akamuuliza Muhidini kama Swalehe ni mtani wake au si mtani wake, na akamshauri afikiri kabla ya kujibu. Niliona Muhidini anavyofikiri. Akisema si mtani, nusu yake ya kwanza inaondoka. Akisema ni mtani, ya pili inaondoka. Jasho lilimshuka kwenye paji lisilo na kofia.

"Ni mtani wangu," alisema mwishoni, kwa sauti ya chini.

"Matangani ulikuwepo?" hakimu aliuliza.

"Nilikuwepo."

"Aliposema maneno haya, wewe ulifanya nini?"

Muhidini aliangalia kurasa zake. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akampa Swalehe bila kumtazama, na kofia ikarudi.

"Nilicheka," alisema.

Pingamizi lilitupwa. Tulitoka nje juani, Johari analia kwa furaha, na mimi nashukuru Mungu kwa sauti. Mwamvua peke yake hakuwa na furaha. Alikuwa amepata nyumba, amepata minazi, lakini swali lake halikujibiwa. Swalehe alikuwa amemshinda Muhidini bila kusema neno hata moja juu ya kuzaliwa kwa Mwamvua. Mwamvua akamfuata hadi kivulini alipokuwa anapumzika, akamuuliza tena. Swalehe akamjibu kwamba ana njaa. Tukampeleka kula wali na samaki, akala kwa watu wawili, akarudi Mbwara na kanzu yetu.

Johari alitimiza ahadi. Toleo jipya liliwekwa, kwa ushahidi wa mahakamani, na pale kwenye ukurasa ule pana maelezo: msemaji alikuwa mtani wa marehemu, alikuwa kwenye kazi yake ya msibani, na waliokuwepo walicheka. Daktari Abdulhalim mwenyewe alimpigia Mwamvua simu, akaomba msamaha. Yeye si mtani, kwa hiyo aliweza. Lakini toleo la zamani liko huko liliko, kwenye simu za watu na maktaba za mbali. Mara kwa mara nilimwona Mwamvua ameacha kushona, ameandika jina la baba yake kwenye simu, anaangalia lipi linatangulia kutokea. Siku nyingine jipya. Siku nyingine lile. Siku ya lile hakula mchana.

Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza tulipopigiwa simu kutoka Mbwara. Swalehe amefariki, kile kikohozi. Aliyepiga ni mdogo wake, Seleman. Alisema maiti ameshaoshwa na kukafiniwa, jeneza liko ndani, watu wamejaa uani, na haondoki. Marehemu kaacha neno: asitolewe mlangoni mpaka aje mtoto wa Mwinjuma.

"Yupi?" Mwamvua aliuliza. "Muhidini?"

Nilikuwa karibu, niliisikia sauti ya Seleman ikishangaa kwenye simu. "Muhidini si mtoto wa kaka yake? Kasema mtoto wa Mwinjuma. Weye. Mwinjuma alikuwa na mtoto mwingine?"

Mwamvua aliiweka simu mezani, akalia kwa mara ya kwanza tangu karatasi ya pingamizi. Alilia kwa sauti, sokoni, mchana kweupe, na sikumnyamazisha.

Tulifika tumelowa. Watu walitupisha. Jeneza lilikuwa tayari mabegani mwa wanaume, Seleman mbele, na Mwamvua akaenda akasimama mlangoni akatanda mikono, kama ilivyo haki ya mtani. Na hapo nikaziona simu. Mbili, tatu, halafu nyingi, zimeinuliwa juu ya vichwa, zinamtazama. Mwamvua naye aliziona. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka, akaufunga. Nilijua alichokuwa anakiwaza, kwa sababu na mimi nilikiwaza: maneno haya kesho yatakuwa wapi, yatasomwa na nani, yatamfukuza mtoto gani wa Swalehe kwenye nyumba gani. Wabebaji walianza kuyumba kwa uzito. Nikadhani atashuka, apishe, na kwamba utani wa koo mbili utakwisha pale pale mlangoni kwa kuogopa.

"Zimeni simu," alisema.

Alisubiri. Hakuendelea mpaka ya mwisho iliposhuka. Kisha akaweka uso mkavu, uso wa Swalehe kabisa, na kwa sauti nzito ya huzuni, kama khatibu siku ya Ijumaa, akaanza kueleza marehemu alikuwa nani, aliokotwa wapi, na watoto wake ni wa nani. Watu walicheka mpaka jeneza likatikisika. Seleman alicheka huku machozi yanamtiririka. Mwamvua hakucheka hata kidogo.

Aliyoyasema pale mlangoni nayajua yote, neno kwa neno. Siyaandiki.